Vitanda Tu

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Agosti ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika. Asubuhi Baba Askofu alikuja kubariki zahanati ya masista wetu watatu wa hapa mlimani. Jioni mke wangu Eufrasia akafa kwenye mkeka. Usiku wa kuamkia leo nimeiota siku hiyo yote, ila safari hii hata vitu vilisema.

Nimesimama mlangoni mwa zahanati, Eufrasia nimembeba mgongoni. Mzee Kinunda, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, ananizuia.

"Mbele ya Baba Askofu hakuna kukohoa," anasema. "Kikohozi kikabidhiwe hapa."

Siku yenyewe walimpa pipi tu anyonye. Kwenye ndoto Eufrasia anakitoa kikohozi chake, cheusi, kikubwa kama parachichi. Kinunda anakifunga kwenye gazeti na kukiweka juu ya kabati.

"Atarudishiwa?" nauliza.

"Baba Askofu akishakula."

Ndani kuna vitanda kumi na viwili vya chuma. Kijiji kizima kinajua viliazimwa hospitali ya mjini, ili Baba Askofu asikute vyumba vitupu. Na wagonjwa nao walitafutwa. Sista Pelagia, mkubwa wa masista, alipita nyumba kwa nyumba akichagua. Eufrasia alichaguliwa wa kwanza. Mimi mjinga nilifurahi, nikamwogesha kwa mikono yangu.

Namlaza kitanda namba tisa. Kitanda kinaguna.

"Usimzoeshe," kinaniambia. "Mimi wa kuazimwa. Lori linakuja saa tisa."

"Lakini huyu anaumwa kweli."

"Basi ana bahati mbaya. Wenzake wote wazima. Huyo wa namba kumi kafuata pilau."

Wa namba kumi ni shemeji yangu Kastori. "Nimevunjika mguu, shemeji," anasema, kisha anahamishia bandeji mguu wa pili, maana ule wa kwanza umechoka.

Baba Askofu anaingia. Kofia yake ni ndefu mno, vijana wanne wanainua bati ipite. Uso wake siuoni. Mahali pa uso pana kisogo cha Kinunda, kwa kuwa siku ile ndicho nilichokiona mimi tangu asubuhi mpaka mchana.

Ananyunyiza maji ya baraka. Kila kitanda kinacholowa, Sista Pelagia anaandika kwa chaki kwenye paji la mgonjwa: AMEPONA.

"Sista, huyu hajapona," nasema.

"Mzee Hyera, kabarikiwa huyu. Aliyebarikiwa kapona, na aliyepona halali kitandani. Au unataka Baba Askofu aonekane mwongo?"

Nilisoma mpaka darasa la nne, kwenye majibu ya watu wakubwa hatukufika.

Sakafu inatikisika. Zahanati sasa ni lori, tunashuka mlima kati ya mashamba ya kahawa, vitanda vimepangwa nyuma, Eufrasia yuko juu ya namba tisa. Kwa mara ya kwanza anacheka.

"Baba Nolasko," ananiita kwa jina la mwanetu, "kumbe kitanda hiki kinakwenda hospitali! Basi niache humu humu."

Lori linasimama. Dereva anashuka na karatasi.

"Vitanda kumi na viwili. Mtu hayumo."

"Nafasi ipo," namwambia. "Na huko unakokwenda ndiko madaktari waliko."

"Mzee wangu, imeandikwa vitanda tu."

"Kaandika nani?"

Dereva anamwangalia Sista. Sista anamwangalia Kinunda. Kinunda anamwangalia Baba Askofu. Baba Askofu anageuka taratibu, nami nasogea niuone uso hatimaye. Upande huo nao ni kisogo.

"Mimi ningembeba," kinasema kitanda kwa sauti ndogo. "Sikuulizwa."

Eufrasia anashuka mwenyewe. Anakunja shuka vizuri, maana nalo ni la kuazimwa. Kinunda anamkabidhi lile gazeti. Anapokea kwa mikono miwili, anasema asante, anakirudisha kikohozi kifuani.

Nikaamka, kumepambazuka. Nalala chini, kitanda sijawahi kumiliki maishani. Lakini kando ya mkeka wangu, pale alipokata roho, kwenye sakafu ya udongo pana vishimo vinne vya mviringo, viwili kichwani, viwili miguuni. Nikapima kwa kamba. Upana wa kitanda cha chuma.

Nikamwita Kinunda aje aone. Akatazama, akasema, "Mbuzi."

"Mbuzi gani ana urefu huo, mwenyekiti?"

Akavaa kofia yake aondoke. Nikasimama mlangoni, nikamwuliza swali lile lile ninalomwuliza tangu Agosti, nililomwuliza Sista, nililomwandikia Baba Askofu barua mbili: lori lilikuwa na nafasi, na lilikuwa linakwenda hospitali, ni nani aliyeandika vitanda tu?