Jogoo Ndani ya Bakuli

Siku tisa mzee Anselme hakulalamikia chakula, na hilo lilimtia bintiye Solange hofu kuliko homa yenyewe. Mtu aliyekuwa mpishi wa nyumba ya wageni mjini Louhans kwa miaka arobaini, aliyeirudisha jikoni hata supu ya arusi ya binti yake, sasa anasukuma sahani kwa kidole. "Si kosa la chakula, mwanangu. Siku hizi hakuna kitu chenye ladha." Daktari hakuuma maneno: asipokula kufikia Alhamisi, ni hospitali na mpira wa puani.

Jumatano asubuhi Solange, ambaye hata yai lilikuwa likimshinda, alibandika sufuria. Mifupa ya ng'ombe, kuku aliyezeeka, karoti na vitunguu, moto mdogo, muda wa saa tano. Nyumba nzima ikanukia, ila mchuzi wenyewe ulikuwa kama maji ya tope. Ulipopoa akauchanganya na ute wa mayai na nyama ya kusaga, jinsi alivyomwona baba akiung'arisha mchuzi zamani, akaurudisha motoni.

Ulipopata moto ukachafuka. Povu la kijivu, mabonge, balaa tupu. Akanyakua kijiko.

"Nakisikia hicho kijiko!" baba alifoka kutoka chumbani. "Kiweke chini!"

"Umeharibika, baba! Laiti ungeuona!"

"Nimeuona kabla hujazaliwa. Ukiukoroga sasa umeuua. Kaa kitini, na hiyo mikono ikalie!"

Akaikalia kweli, mwanamke wa miaka hamsini.

Nusu saa ilipita. Mabonge yakashikana yakawa kifuniko juu ya sufuria, na katikati pakabaki kitundu. Solange alichungulia humo, akaona mchuzi, dhahabu tupu. Akachota kidogo kidogo, akachuja kwa kitambaa, akajaza bakuli lake la utotoni lenye jogoo aliyechorwa ndani, chini kabisa. Enzi hizo baba alikuwa akimbembeleza: kunywa umalize, umwone jogoo.

Leo bakuli limejaa pomoni na jogoo anaonekana, unyoya kwa unyoya. Solange alisimama ameduwaa. Ule uchafu uliomtisha ndio uliozoa uchafu wote, na yeye hakufanya lolote ila kuuacha. Aliona haya kwamba ameishi na maajabu haya nyumba moja, akidhani ni supu tu.

Alimpelekea baba chumbani, naye akaliinamia bakuli.

"Hadi kucha zake," alinong'ona.

Akanywa kijiko kimoja, akafumba macho. Akanywa cha pili. Kisha akakunja uso.

"Solange."

"Abee, baba."

"Chumvi imepungua."

Alikimbilia chumvi huku akilia kwa sauti, na kule chumbani mzee akawa anauliza kama nyumba hii siku hizi haina mkate.