Vidole Vinne Vya Mdeki

Kitu cha bei ya kutupa kina sababu ya kutupwa. Ndivyo Harlan Zerbe alivyojiambia akipanda njia ya theluji kwenda kwa jirani yake Elwood Kreider, siku mbili kabla ya Krismasi. Elwood huyo huyo, aliyekuwa hajamsemesha tangu Januari, jana kapiga simu: "Nasikia unatafuta gobore kubwa. Njoo uchukue langu." Langu! Namba sitini na mbili, mtutu unaomeza kidole cha mwisho bila kubana, kwa robo ya bei ya dukani. Mtu anakununia mwaka mzima, halafu ghafla anakuita uchukue mali yake? Na si jembe hilo jamani, ni bunduki, kitu cha kuegemeza shavu.

Katika milima hiyo ya Pennsylvania, Krismasi ikipita watu huwinda kulungu kwa gobore la gumegume tu: jiwe, cheche, na risasi moja ya mviringo. Ikishakwenda imekwenda. Januari iliyopita Harlan na Elwood walisimama chini ya mwaloni mmoja, dume la pembe kumi likatokea, wakafyatua kwa pamoja. Mlio mmoja, moshi mmoja, na kwa mnyama tundu moja lililotokea upande wa pili.

"Hiyo dengu yako haitoboi hata karatasi!" Elwood alicheka, akilikusudia gobore la Harlan la namba arobaini na tano. "Hili tundu langu, na umekosa, kipofu we!" Akabeba pembe zake.

Harlan aliumia, si kwa sababu ya pembe. Aliumia kwa sababu aliamini. Miaka arobaini mlimani, halafu ukose dume kwa hatua thelathini? Aliapa kwamba asipopata gobore zito hatapanda tena. Risasi ya mviringo haiongezeki uzito ila kwa upana, kwa hiyo alizunguka maduka yote. La namba hamsini na nne lilikuwa na mifuo ndani ya mtutu iliyojikunja mno, ya risasi ndefu, si ya mviringo. La hamsini na nane kitako chake kilimfaa mtu mfupi. Likabaki la Elwood. Akilikosa na hilo, msimu mzima ni kukaa jikoni.

Elwood alimkaribisha bandani kwa kahawa na kipande cha mkate wa tangawizi. Harlan hakuvigusa. Zile pembe kumi zilikuwa ukutani, zimepanguswa vumbi. Akalishika gobore, akalipindua. Jiwe zuri, chuma kikali, tundu la moto safi, kitako kama alipimiwa yeye. Hana pa kutoa kasoro, na hilo ndilo lililomzidishia shaka.

"Unauza kwa nini?"

"Bega, bwana. Nilipasuliwa wiki ile ile ya mwisho wa msimu. Daktari kasema nisionje tena teke la punda huyu."

"Hujalifyatua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Nipe mdeki," alisema Harlan, akinyoosha mkono apewe ufito wa kushindilia.

"Wa nini?"

"Nipime kama ni tupu."

Uso wa Elwood ukawa mwekundu. Akaonyesha kijisahani cha baruti kando ya tundu la moto. "Unanipima mimi? Tazama kifa hapa, hakina hata chembe ya baruti. Kifa kikavu, gobore tupu. Hivyo ndivyo baba zetu walivyolihesabu, wangu na wako!"

"Mdeki wenyewe hauna hata alama ya kuonyesha mtutu mtupu na wenye shindilio la baruti na risasi."

"Alama ni za waoga."

Mtu asiye na la kuficha anakataa mdeki? Harlan akamrudishia gobore. "Basi fyatua wewe kwanza," alisema. Likamtoka hivyo hivyo.

"Nafyatua! Kifa kitawaka, mtutu utanyamaza, na wewe utanyamaza!" Elwood akamimina baruti kifani, akavuta nyundo ya mtambo nyuma, akaliweka kwenye bega la kushoto lililo zima, akalielekeza kwenye theluji nje ya mlango. Akalaza shavu lake kwenye kitako.

Harlan akaliona lile shavu. Mtega mtego haulalii mwenyewe. Hajui! Maskini wa Mungu, hajui kilichomo!

"Ngoja! Elwood, ngoja!" Akaruka, akachomeka kidole gumba mbele ya jiwe likishuka. Jiwe likamchana mpaka damu, lakini cheche haikutoka.

Elwood alimkodolea macho. Safari hii hakubisha. Harlan akapuliza baruti kifani, akatumbukiza mdeki hadi chini, akaubana kwa kucha kwenye mdomo wa mtutu, akautoa, akaulaza kwa nje. Ncha yake haikufika kwenye tundu la moto. Ilipungua vidole vinne.

"Shindilio moja ni vidole viwili," Elwood alisema polepole.

Wakafunga skurubu kwenye ncha ya mdeki, wakavuta. Ikatoka risasi na kitambaa chake, ikamwagika baruti. Ikatoka risasi ya pili. Zingewaka pamoja, mtutu ungepasukia usoni mwa mfyatuaji.

Elwood akakaa. "Siku ile nilishindilia mara mbili tu. Asubuhi, na baada ya kumpiga yule dume, na hilo la pili nikalisahau kwa maumivu ya bega." Akatazama ukutani. "Basi sikumpiga. Kifa kiliwaka, mtutu ukanyamaza. Nilisikia mlio wako nikadhani wangu."

Alipanda kigoda, akazishusha pembe kwa mkono mzima, akaziweka mezani. "Ni zako. Nilikuita kipofu mwaka mzima, Harlan. Hili gobore nilitaka uwe nalo, nikashindwa kusema samahani kwenye simu."

Harlan hakuzitazama pembe. "Nilikwambia ufyatue wewe," alisema. "Nilidhani unataka kuniua, nikakwambia ufyatue wewe."

"Na ukanizuia."

"Kwanza nilikwambia."

Kisha Elwood akauliza, "Bado unalitaka?"

"La. Dengu yangu ilitosha."

Akatoa kisu, akauvuta ule mdeki wa Elwood, na kwa mkono unaotoka damu akaanza kuukata alama: moja ya tupu, moja ya shindilio moja. Alipoondoka, pembe alizisahau pale mezani.