Siku Ambayo Domitille Hakufungua Mkoba

Ovaroli za wafanyakazi wa sehemu ya tindikali zilifuliwa peke yake. Domitille alizipokea saa kumi na mbili asubuhi, mafungu sita, akaanza kupekua mifuko kabla ya kuzitia kwenye mashine, kwa sababu wafanyakazi husahau vitu humo: simu, bisibisi, punje za madini zilizokwama kwenye mshono. Kila kilichopatikana kiliandikwa na kutiwa kwenye ndoo ya bluu. Kazi hiyo aliifanya mwaka wa nne sasa, katika kiwanda kimoja cha shaba na kobalti nje ya Kolwezi, upande wa Musonoi, na kwa muda mrefu hakuwahi kuiogopa.

Hofu ilianza siku waliyomfukuza Mianda, aliyekuwa akipiga pasi meza ya pili. Mlangoni walinzi walikuta kipande cha waya wa shaba, urefu wa kidole, chini ya bakuli lake la chakula. Mianda aliapa hajui kilivyofika pale. Labda alikiweka mwenyewe, labda aliwekewa. Domitille hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomwingia mwilini. Tangu siku ile, kila alipokaribia mlango, wazo lilimjia: kuna kitu mkobani mwako. Alifungua zipu, akaangalia. Bakuli, kitambaa, kadi ya kazi. Hatua kumi mbele wazo likarudi: hukuangalia vizuri. Siku nyingine lilikuja na ubaya zaidi: labda umeiba mwenyewe na umesahau. Akaacha kula na wenzake, maana kila mkono uliopita karibu na mkoba wake aliufuata kwa macho.

Mikono ilipoanza kutetemeka alikwenda kituo cha afya cha mtaani kwake, akidhani ni presha. Muuguzi, tata Edouard kama wote walivyomwita kwa heshima, alimpima, akaona presha haina neno, akamuuliza hili na lile mpaka jambo lote likatoka. Hakumcheka, wala hakumtuma kwa mchungaji.

"Mama Domitille, mawazo haiko kosa," alimwambia. "Kila mutu iko na mawazo mubaya. Shida ni kuijibu. Unafungula kafuko, inanyamaza kidogo, kisha inarudia na nguvu. Ikikuya, sema: nakusikia. Kisha endelea na kazi yako."

Akampa zoezi. Wiki ya kwanza auangalie mkoba mara mbili tu, wiki ya pili mara moja, kisha asiuangalie kabisa. Hofu itapanda, alisema, halafu itashuka yenyewe. Domitille alimshuku hata yeye. Alijiuliza kwa nini ameandika jina la kiwanda kwenye fishi, ile karatasi ya mgonjwa, na nani ataisoma. Lakini zoezi alilifanya, kwa kuwa hakuwa na dawa nyingine, na kweli hofu ikawa inashuka.

Alhamisi ya wiki ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kutoangalia kabisa. Saa nane mchana zamu ilikwisha, akapanga foleni nyuma ya wanawake wanane. Wazo lilikuja mapema, pale kwenye bomba la maji. Kuna kitu. Vidole vilikwenda kwenye zipu vyenyewe. Nakusikia, akasema moyoni, akakunja ngumi. Foleni ikasogea. Alipobakiza hatua tano kufika meza ya upekuzi, moyo wake ulikuwa umetulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi aliinua uso na kutazama mbele. Ngeleka, mkubwa wa walinzi, alikuwa akimtazama tayari.

Alimtoa kwenye foleni, akamwingiza kwenye kontena ambalo walinzi walilitumia kama ofisi. Mlinzi wa kike akamwaga mkoba mezani, akapapasa mishono, akamvua viatu, akapitisha kidole katikati ya misuko ya nywele. Hakupata kitu. Domitille alikaribia kucheka. Ndipo Ngeleka akafungua daftari.

"Tangu mwezi wa tatu," alisoma, "huyu mama anafungulaka kafuko mara ine, mara tano, mbele ya kufika ku mulango. Kisha ikakuwa mara mbili, kisha mara moja. Leo, hata mara moja hapana." Akainua macho. "Juu ya nini leo haukuangalia?"

Jibu la kweli lilikuwa zoezi la muuguzi, na Domitille alijua kwamba hilo nalo lingeandikwa: mgonjwa wa kichwa. Akasema tu kuwa alijua hana kitu.

"Unajua namna gani, kama haukuangalia?"

Swali hilo alilifahamu. Kwa miezi mitano wazo lake lilikuwa likimuuliza lile lile. Ila safari hii lilitoka kinywani mwa mtu mwenye kofia na kalamu, na kwa mtu kama huyo, tata Edouard hakuwa amempa zoezi.

Ngeleka alimsogezea ripoti. Ilisema mfanyakazi ameonyesha mwenendo wa kutia shaka, na kwamba asaini chini. Domitille aliisoma mara mbili. Hapakuwa mahali palipoandikwa kwamba hawakupata kitu. Aliomba neno hilo liongezwe, Ngeleka akamjibu kuwa ripoti haziandikwi hivyo. Basi hakusaini. Wakabaki na kadi yake ya kazi, wakamwambia arudi Jumatatu.

Nyumbani mumewe, Kabamba, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, polepole, kama kweli hakukuwa na kitu. Domitille aliondoka kwenda kuwasha makaa.

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, alikuwa mlangoni. Jina lake halikuwamo kwenye orodha. Kupitia wavu wa uzio aliona mwanamke asiyemjua akibeba mafungu ya ovaroli kuelekea kwenye mashine. Ngeleka alipotoka, Domitille alimuuliza kosa lake ni nini.

"Kosa hakuna, mama," Ngeleka alisema, bila ukali. "Kampuni haina tena confiance na wewe, haikuamini tena. Ni ile tu."

"Basi andika ivyo," Domitille akasema. "Andika: kosa hakuna. Mi nitasaini."

Watu wa zamu walikuwa wamejipanga nyuma yake. Ngeleka alitazama saa yake, akatazama foleni. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, na mkono wake haukuigusa. Akamwambia asogee, wenzake wapite. Domitille hakusogea.