Teresa Wetu wa Erdington

Jumuiya ya Mtakatifu Teresa wa Avila, tawi la Erdington huko ughaibuni, ilimwomba Gertrude aeleze maisha ya msimamizi wao, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma. Alijiandaa wiki nzima. Jumapili hiyo, kabla hajamaliza sentensi ya pili, Mama Ronny akainua mkono.

"Huyu ndiye yule wa India, wa maskini?"

"Hapana. Huyu ni Mhispania, alizaliwa mwaka 1515."

"Basi ni yule wa maua ya waridi."

"Huyo ni Mfaransa, Mama Ronny. Huyo ni Teresa mwingine tena."

"Wakiongezeka kidogo watakuwa jumuiya," alisema Shem, mwenyekiti, na sebule nzima ikacheka.

Gertrude akangoja. Alikuwa nesi wa wodi ya magonjwa ya ubongo, na alizoea kungoja kelele zipite. Kisha akaendelea. Alieleza jinsi Teresa alivyokaa miaka mingi katika monasteri yenye masista zaidi ya mia, wenye mali wakiwa na vyumba vyao na watumishi wao, na ukumbi wa wageni ukijaa umbea tangu asubuhi. Alieleza jinsi alivyotoka humo na kuanzisha nyumba ndogo, za kimaskini, ambamo masista walikuwa wachache na hakuna aliyeitwa kwa cheo cha ukoo wake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, umesikia?" alinong'ona mtu nyuma.

"Vyeo vya ukoo," alisema Shem. "Vya jumuiya havikutajwa."

"Alipata kibali cha kuanzisha nyumba nyingine," Gertrude alisema kwa sauti ya juu kidogo, "akazunguka nchi kwa magari ya kukokotwa na nyumbu, huku akiumwa."

"Nyumbu wa Mara?" aliuliza Mama Ronny. "Wale wanaovuka mto?"

"Nyumbu mtoto wa punda na farasi."

"Kumbe nao ni nyumbu."

"Gertrude, mama," alisema Shem, "hayo ya usafiri tumeyasikia. Tufikishe pale alipokuwa akiona njozi na kupaa. Jumuiya ingependa kulinganisha."

Macho yote yakamgeukia Kwamboka, mwenye nyumba, aliyekuwa mlangoni na chupa ya chai. Kwamboka alikuwa wifi yake Gertrude, dada wa mumewe. Kwa miezi mitatu sasa alikuwa akinyamaza ghafla katikati ya mazungumzo, macho yamekaza, midomo ikitafuna, na baadaye asikumbuke kitu. Shem aliamua kwamba ni njozi na akaanza kumwita Teresa wetu. Jumamosi Teresa wetu angewaendesha kina mama hadi Walsingham kuhiji, katika gari lake la viti saba. Mara tatu Gertrude alimsihi asiendeshe, na mara tatu akajibiwa kwamba mambo ya Mungu hayapimwi hospitalini. Leo alitaka kutoka katika nyumba hii na ufunguo wa gari lile.

"Hapo ndipo Teresa mwenyewe alipokuwa mkali," alisema. "Hakupenda kupaa mbele ya watu. Na aliwaandikia wakuu wa nyumba zake: sista dhaifu akizidi kuzimiazimia na kudai ni Mungu, apunguziwe mfungo, ale, alale, kisha apewe kazi za nyumbani."

"Hao walikuwa wa uongo," alisema Shem. "Sisi tunazungumzia wa kweli."

Kwamboka alikuwa akimmiminia Mama Ronny chai. Aligeuza shingo kuelekea jikoni.

"Nani ameacha maziwa yakaungua?" aliuliza.

Jikoni hakukuwa na maziwa wala harufu. Kwamboka akanyamaza. Chai iliendelea kumiminika, ikajaza kikombe, ikafurika juu ya mkono wake ulioshika kisahani, nao mkono haukusogea.

"Imeanza," alisema Shem, akapiga magoti. Wengine wakamfuata.

Gertrude akaruka, akainyang'anya chupa, akaitazama saa yake.

"Anatafuna mana," Shem alinong'ona.

"Anatafuna hewa, mwenyekiti. Nipishe."

Kwamboka alipozinduka, Gertrude alimpeleka jikoni, akafunga mlango na kuuweka ule mkono chini ya bomba la maji baridi. Ulikuwa mwekundu hadi kwenye kifundo.

"Nani amenimwagia chai?"

"Wewe mwenyewe. Ulikuwa umeshika chupa."

Kwamboka aliutazama mkono kama wa mtu mwingine.

"Wifi, hiki ni kifafa," alisema Gertrude.

"Kifafa ni cha kuanguka. Kwetu nilimjua mmoja, aliangukia moto. Mimi sianguki."

"Cha kwako hakiangushi. Kinakuzima ukiwa umesimama. Jumamosi kitakuzima kwenye motawei, katikati ya magari ya kasi."

Kwamboka aliugeuza mkono chini ya maji.

"Unajua wakiandika neno hilo wananinyang'anya leseni," alisema Kwamboka. "Wazee wangu wa asubuhi, ninaolipwa kuwahudumia, nitawafikia na nini? Mmoja yuko Sutton, mwingine huku. Njozi hainyang'anyi mtu leseni."

Gertrude alimkazia macho. Miezi mitatu alikuwa akipambana na imani ambayo haikuwepo.

"Kwa hiyo hukuwahi kuamini?"

"Shem ndiye aliyeamini. Mimi nilimwachia tu."

"Nimesoma maisha ya mtakatifu mzima kwa ajili yako."

"Si ungeniuliza?"

Gertrude akamwambia anayoyajua: kwamba wengi hutulia kwa dawa, kwamba mtu akikaa mwaka mzima bila kuzimika anaweza kurudishiwa leseni, kwamba kesho wangempigia daktari pamoja.

"Mwaka ni mrefu."

"Ni mrefu," alikubali.

Kwamboka alifunga bomba kwa mkono mzima. "Na huyo Teresa wako, aliyezunguka na ugonjwa wake. Nani alikuwa anaendesha?"

"Si yeye. Alikaa ndani, gari limefunikwa. Aliyeendesha ni mwenye nyumbu."

Kwamboka akachukua ufunguo uliokuwa umetundikwa kando ya friji, akauweka kiganjani mwa Gertrude.

"Basi Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, mwenye nyumbu. Usichelewe. Mama Ronny hukaa mbele, na huimba njia nzima."

Jumamosi ilikuwa siku pekee ya mapumziko ya Gertrude mwezi huo. Alitia ufunguo mfukoni na kufungua mlango. Sebuleni walikuwa bado wamepiga magoti, na Shem alikuwa akitangaza kwamba njozi ya leo imezidi zote kwa urefu.

"Kaeni," alisema Gertrude. "Hatujafika hata kwenye kifo chake."

Mama Ronny alikuwa ameshainua mkono.