Safu ya Sababu

Mwaka 1949 tuliandikishwa vijana arobaini na mmoja katika shule ya ufundi wa matrekta ya ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga hapa Nachingwea, na jina la kwanza daftarini lilikuwa la Abdala wa Lionja. Hilo peke yake lilitosha kunikera. Najua ni mpangilio wa herufi tu uliomweka pale juu, lakini mimi Mbaruku, niliyesoma mpaka darasa la sita, ndiye niliyekuwa kiranja, ndiye niliyeita majina kila asubuhi, na kila asubuhi nilianza na lake.

Kusoma kwenyewe alikuwa akibabaisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, nusu Kimwera. Lakini injini ikiwashwa aliinamisha kichwa, akasikiliza kidogo, kisha akashika spana na kufungua palepale penye ugonjwa. Mimi nilikuwa nimekariri kitabu kizima na bado mikono yangu ilipapasa. Nilimwonea wivu, sina haja ya kuficha. Mluzi wake ulinikera, kula kwake kulinikera, hata usingizi wake ulinikera. Na ubaya zaidi, alikuwa ndugu yangu. Ukoo wetu ulikuwa mmoja, na dada yangu Sofia wa Ruangwa alimwita kaka kama alivyoniita mimi.

Mwalimu wetu Mzungu, tuliyempachika jina la Bwana Spana, alikuwa ametangaza kwamba atakayeongoza mwisho wa mwaka atabaki shuleni kuwa mwalimu msaidizi. Nafasi ilikuwa moja tu. Daftari la mahudhurio lilikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa "Sababu", nami niliijaza kila mwanafunzi alipopungua: homa, kupalilia, amechoka, ameoa. Kufika mwezi wa saba tulikuwa tumebaki kumi na wanane. Kila nilipokata jina niliomba linalofuata liwe lile la juu kabisa.

Mwezi wa nane Abdala akaja ofisini kuomba ruhusa ya siku saba. Nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyemsaidia Bwana Spana pale Kiswahili kilipomshinda.

"Bwana, mwanangu anatoka jando," Abdala alisema. "Mimi ndiye wa kumtoa."

Sheria ya shule ilitoa ruhusa kwa mambo mawili tu: msiba wa mzazi na jambo la mtoto. Bwana Spana akanigeukia. "Huyu iko na mtoto?"

Hapo naomba mnisikilize vizuri. Aliyekuwa anatoka jando ni mtoto wa dada yake wa kule Lionja. Kwetu mtoto ni wa mjomba, na kijana hatolewi jando mpaka mjomba amshike mkono na kumpa jina jipya. Nilijua hayo yote tangu utotoni. Maneno kumi yangetosha, Mzungu yule angeelewa, wala hakuwa mtu mbaya.

"Hajaoa, bwana," nilisema. "Hana mtoto."

Hakuna hata neno moja la uongo hapo. Ndivyo nilivyojiambia siku ile, na siku nyingi baadaye.

Bwana Spana akatikisa kichwa kukataa. Abdala akanigeukia. "Haya, ndugu yangu," alisema, akatoka, na kesho yake akaenda zake Lionja. Siku ya nne nikachukua wino mwekundu nikalikata jina lake, na kwenye safu ya sababu nikaandika: ametoroka. Mwisho wa mwaka tulimaliza tisa. Niliongoza mimi, nikapewa kazi na nyumba ya bati.

Mwaka uliofuata Sofia akaniletea habari kutoka Ruangwa kwamba mwanawe anatoka jando, niende kumtoa. Nikaingia ofisini kuomba ruhusa. Safari hii maneno yalinitoka tele: mjomba ni nani, mtoto ni wa nani, mkono unashikwaje. Bwana Spana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta daftari la mwaka wa nyuma na kuweka kidole pale juu, kwenye wino mwekundu.

"Na huyu? Yeye pia ilikuwa mtoto ya dada?"

Neno "ndiyo" peke yake lingenipa ruhusa. Lakini nilimwona Abdala akirudishwa, akiinamisha kichwa chake kile mbele ya injini, akipewa kiti changu. Roho ikaniuma hata kabla hayo hayajatokea.

"Hapana, bwana," nilisema. "Huyo alitoroka tu. Na mimi nitabaki kazini."

Baada ya wiki mbili Sofia akatuma mtu na maneno machache. "Kijana ametoka salama. Mjomba wake Abdala alimshika mkono. Wewe kaa na matrekta yako."

Mpango wa karanga ukafa, Bwana Spana akarudi kwao, shule ikabaki na mimi nikabaki nayo. Mwaka 1957, siku ya kuandikisha, kijana mrefu mwenye macho ya Sofia alisimama mbele ya meza yangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Jina?"

"Abdala."

Nililijua kabla hajalitamka, jina alilopewa na aliyemshika mkono. Nikaliandika, nalo likakaa juu kabisa. Waliingia thelathini na wanane. Wakaanza kupungua kama kawaida, nami nikawa naita jina lile kila asubuhi nikingoja, Mungu anisamehe, siku ambayo halitaitikiwa. Liliitikiwa kila siku. Na injini ikiwashwa, mtoto wa dada yangu aliinamisha kichwa, kama yule aliyempa jina.

Walimaliza kumi na wawili, yeye akiongoza. Afisa aliyetoka Lindi kugawa vyeti aliishika mikono yake, akaigeuza, akacheka kwa furaha.

"Mikono hii amekufundisha nani?"

"Mjomba wangu, bwana," kijana alijibu.

Hakusema uongo hata neno moja. Watu wote walinigeukia, wakanipigia makofi, nikalazimika kusimama na kuyapokea. Sofia alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono yake imetulia mapajani.