Fundi wa Mbali na Jina la Mkwe

1.
TANGAZO. Maziwa yatakayokutwa na joto hayatapakiwa kwenye lori. Yatamwagwa.
Ni amri ya Ushirika.

2.
Lori limeshavuka mto. Tangi la kupozea limenyamaza, maana kompyuta inayoliamuru imegoma. Ndani yake mna maziwa ya kijiji kizima, na mwenye zamu ni Mama Tumpe. Ameshika simu kwa mikono miwili kama anayeshika kifaranga.

3.
"Shikamoo mama. Ni Lusajo, fundi, niko Mbeya."

"Marahaba baba. Utafika saa ngapi?"

"Siji. Naingia kwenye hiyo kompyuta kwa mtandao, nikiwa hukuhuku. Nipe tu neno la siri."

"Aliliweka mume wangu. Yuko msibani, simu kazima."

"Wewe hulijui?"

"Nalijua."

"Basi litaje."

Mama Tumpe akageuka kutazama mlangoni.

"Mama?"

"Ni jina la baba mkwe."

4.
Wewe unayesoma, kama hukuolewa Unyakyusani, usicheke. Mkwe hatazamwi usoni. Ukimwona njiani, unapotelea migombani. Na jina lake mkamwana halitamki, hata mzee awe ameshalala kaburini. Mama Tumpe amelifungia kinywani tangu ujana wake, halijapata kutoka, na leo

5.
joto

linapanda.

6.
Mlangoni, kinamama, wote wameolewa ukoo huohuo:

"Si aliseme tu! Mzee alishakufa."

"Haya, liseme wewe."

"Mie? Mbona yangu humo ni kidumu kimoja tu."

7.
"Basi niandikie ujumbe, mama."

"Kuandika si kusema kwa vidole?"

Lusajo naye ni mwana wa hukohuko. Akacheka polepole. "Mimi nitataja, wewe nyamaza. Likiwa lenyewe, kohoa."

Gwakisa?

Ambilikile?

Asangalwisye?

██████?

Akakohoa. Akakohoa hata akaletewa maji.

8.
Kishale kikaanza kutembea chenyewe kiooni, kama mgeni anayejua pa kuvulia viatu. Tangi likaguna. Likanguruma.

Mama Tumpe akajibwaga sakafuni, miguu kainyoosha. Maziwa yanapoa. Kinywa chake safi.

Ahaaa.

Nje lori likapiga honi, vigelegele vikalijibu.

9.
"Mama, tubadili neno la siri. Weka jina unaloweza kulitaja."

La mume? Hapana, adabu. La mtoto? Kila mtu analijua. Kuna lile alilopewa na mama yake mzazi. Tangu aolewe, nani amemwita kwalo?

Akabonyeza. Kikatokea kitone tu.

●

● ●

"Umechagua lipi, mama?"

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nalikumbuka herufi moja moja."