Mji Usionyamaza

...au huku katikati ya mji, anasema wakala wa safari, ukitoka mlangoni tu uko sokoni, muziki, maduka, watu kama siafu, na pwani ni nusu saa kwa basi, halafu kuna hii ya pili, ufukweni kabisa, kimya, mnasikia mawimbi tu, mnaonaje dada, anageuza kompyuta tuone picha, na baba watoto hapa kando yangu anasema mimi popote, muulize yeye... popote, ndiyo neno lake siku hizi, alilisema hata jikoni siku ile, nitahamia popote, mimi nikimenya viazi, hakuna aliyeinua sauti, tuliachana kama watu wanaopanga zamu ya kufua, tuwapeleke watoto likizo kwanza, akasema, wafurahi, tukirudi ndiyo tuwaambie, nikasema sawa, nikamenya viazi vyote, mpaka vya kesho... mji, nilishauchagua mji tangu nyumbani, wenye kelele, tukikaa mezani wanne asisikie mtu kwamba wawili hawana la kusema, ufukweni tutasikika, mawimbi nayo hupumzika... na nyie wenyewe, anacheka wakala, kwenye chumba cha familia mtabanwa, nawawekea viwili vyenye mlango katikati, wazazi nao wanahitaji faragha jamani, au siyo shemeji, shemeji anacheka, nami nacheka, tunacheka vizuri sana, hatuhisi kitu, kama ufizi uliochomwa sindano ya ganzi... mkubwa anataka pa kuogelea, mdogo hajasema anataka nini, jana nilikuwa namsuka, kichwa chake mapajani mwangu, akauliza, mama, mbona siku hizi hamgombani, nikamwambia tumekua, akasema, afadhali mngegombana, nikavuta nywele kwa nguvu kidogo, akasema uwii, nikasema pole, tukaishia hapo, nilidhani tumeishia hapo... tembo hawapigani tena, nyasi zimesimama zinatusikiliza... kumbe anajua, mtoto wa miaka minane anajua, na dada yake anajua, ndiyo maana sasa anaosha vyombo bila kutumwa, wanatembea humo ndani kwa ncha za vidole, wanatutunzia siri yetu wenyewe, na mimi nimekaa hapa natafuta mji wa kuwafunikia, mji mzima, na soko lake na muziki wake... dada, anasema wakala, kidole juu ya kitufe, mji au ufukwe, baba watoto anatazama viatu vyake, amekonda, sikuwa nimeona, shati limemlegea shingoni, huyu naye hajalala... Jumamosi, basi, kabla ya kufunga hata sanduku moja, tutawaketisha wote wawili na tutasema, mimi nitaanza, watalia, mdogo atapiga kelele na nitamwacha apige, halafu tutakwenda hukohuko mjini, wanne, kwa sababu watu waliolia wanahitaji mahali penye muziki na wapita njia wa kutazama, na atakayetaka kulia tena mezani alie, hakuna atakayegeuka... dada, anasema wakala, kidole bado kiko palepale, na mimi naigusa kola ya shati la baba watoto, nainyoosha, naye anashtuka kama aliyeitwa kwa jina.